Kupima ukungu na hewa ya nyumba Nairobi: kipi ulipie, kipi uache

Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao jua la Nairobi huaga na wingu la kijivu likatanda kutoka Ngong hadi Kasarani. Nilitoa koti kabatini niende nalo mazishini Murang'a, nikakuta mabega yake yameota mvi. Nikalinusa: uvundo. Nilipolisogeza kabati, ukuta wa nyuma ulikuwa na madoa meusi ya ukubwa wa sahani, mengine yameshaungana. Nilikuwa nimepanga nyumba ya chini huko Lang'ata, mtoto wangu ana pumu, na kwa hofu hiyo nikampigia simu mtaalamu kabla sijajiuliza ninataka kujua nini.

Kampuni ikatuma kijana na pampu ndogo ya hewa. Akaiwasha dakika tano sebuleni, dakika tano chumbani, akaenda zake. Wiki iliyofuata nikaletewa ripoti ya kurasa kumi na moja: majina ya Kilatini tele, nambari zilizotiwa rangi nyekundu, na ukurasa wa mwisho bei ya kufukizia dawa nyumba nzima, kazi ambayo wao wenyewe ndio wangeifanya. Maji yanatoka wapi? Hakuna mstari hata mmoja.

Tangu siku hiyo nimesumbua mafundi kwa maswali, nimesoma miongozo, na majirani wamenigeuza daktari wa kuta zao. Ulinganisho huu ndio ambao ningetaka kupewa kabla ya kulipia ile pampu.

Unatafuta jibu la swali gani?

Mtu akisema "nataka kupima hewa ya nyumba", ndani ya sentensi hiyo kuna mambo matatu yasiyofanana. Ukungu ni shida ya maji. Moshi na vumbi ni shida ya jiko, taka zinazochomwa na barabara iliyo karibu. Halafu kuna hewa ya sumu ya mkaa, ambayo ni shida ya usiku mmoja tu, maana huenda usiuone wa pili. Kifaa cha moja hakijui lolote kuhusu lingine, na pesa nyingi hupotea hapo.

Kuna na swali la nne ambalo watu hulificha ndani ya la kwanza: je, ukungu huu ndio unaomkohoza mtoto? Hilo halijibiwi na ukuta. Daktari hupima mzio kwa ngozi au damu ya mgonjwa mwenyewe. Ukiwa na pesa za kipimo kimoja na hilo ndilo linalokukosesha usingizi, mpeleke mtoto kliniki.

Jambo jingine la kujua kabla ya kulipa ni kwamba hakuna kiwango cha ukungu hewani kinachokubalika kama mpaka wa usalama. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na ukungu majumbani mwaka 2009. Lilisema wazi kwamba nyumba zenye unyevu huandamana na pumu kuzidi, kukohoa na maambukizi ya njia ya hewa, lakini halikuweka idadi ya spora (mbegu ndogo za ukungu zinazopeperuka) ambayo chini yake uko salama na juu yake uko hatarini. Ushauri wake ni kuzuia unyevu na kuuondoa ukungu unapoonekana. EPA, shirika la mazingira la Marekani, nalo halina kiwango cha namna hiyo, na linaeleza kwamba ukungu ukishaonekana kwa macho, mara nyingi hakuna haja ya kuchukua sampuli. Kwa hiyo zile nambari zangu nyekundu zilipakwa rangi na aliyeandika ripoti.

Macho, pua na vitu vya bei ya chini

Nyumba nyingi za Nairobi ni za mawe na plasta, na ukuta wa mawe husimulia vizuri ukijua kuusoma.

Madoa yakiwa kwenye pembe za juu, nyuma ya kabati na kando ya madirisha, na yakizidi kati ya Juni na Agosti, hayo kwa kawaida ni jasho la ukuta: mvuke wa bafu, wa kupika na wa nguo zilizoanikwa ndani unagusa ukuta baridi na kugeuka maji. Utepe wa unyevu ukianzia sakafuni na kupanda, mara nyingi bila kuvuka mita moja, hayo ni maji ya ardhini yanayofyonzwa na mawe. Ukiishi nyumba ya chini kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, hutashangaa. Doa la duara kwenye dari linalopanuka kila Aprili na kila Novemba ni paa, gata au tangi. Lile lisilojali mvua wala kiangazi, lililo upande wa pili wa bafu, ni bomba.

Ukiona unga mweupe ukutani, usikimbilie kuuita ukungu. Udondoshee tone la maji. Ukiyeyuka na kupotea, huenda ni chumvi iliyotolewa na maji yanayopita ndani ya mawe. Ni dalili ya unyevu, ndiyo, ila haina uhai.

Kipimo nilichokipenda kuliko vyote ni kipande cha nailoni ngumu. Kata cha ukubwa wa karatasi ya daftari, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, hewa isipite, ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani ya nyumba. Yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani. Fundi mmoja mzee alinifundisha hilo bure, baada ya mimi kumaliza kulipia zile kurasa kumi na moja.

Ongeza kipima unyevu wa hewa, kile kidogo cha kuweka juu ya meza. Unataka kisome chini ya asilimia 60. Kati ya 30 na 50 ni bora zaidi, ingawa Julai ya Nairobi itakuchekea. Vya bei rahisi hudanganya, basi kijaribu: changanya chumvi ya mezani na maji kidogo iwe kama uji mzito, itie kwenye kifuniko cha chupa, weka pamoja na kifaa ndani ya mkebe unaofunga kabisa, acha usiku kucha. Kinapaswa kusoma karibu asilimia 75. Kikisoma 70, ujue kinapunguza tano.

Njia hii inashindwa wapi? Inashindwa pale pua inaponusa na macho hayaoni: juu ya dari ya jipsamu, chini ya sakafu ya mbao, ndani ya kabati la jikoni lililopigiliwa ukutani.

Visahani vya kuotesha

Hivi vinauzwa mtandaoni kama kipimo cha nyumbani. Unakifungua kisahani, unakiacha mezani, unakifunika, unasubiri siku kadhaa uone kitakachoota. Sivipendekezi hata kidogo. Spora za kuvu zimo katika hewa ya kila mahali. Kiache wazi katikati ya msitu wa Karura nacho kitaota. Spora nzito huanguka upesi, nyepesi huelea zikapita, na kwa kuwa hakuna aliyepima ni lita ngapi za hewa zilizopita juu yake, hakuna hesabu ya kufanya. Kinachobaki ni kisahani cha kutisha, na jirani aliyekishika akiuliza kama mna tauni.

Kifaa cha hewa cha mezani

Hiki nakiheshimu, ila kwa kazi yake. Vingi husoma chembe ndogo ziitwazo PM2.5, kaboni dioksaidi, joto na unyevu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha viwango vyake vya PM2.5 hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa saa 24. Anayeishi upande ambao moshi wa jalala la Dandora unafikia, au kando ya barabara ya malori pale Industrial Area, akiwa na kifaa hiki ataweza kujua saa ya kufungua dirisha na saa ya kulifunga. Kaboni dioksaidi nayo inakuambia kama chumba kinapumua: nje ni kama sehemu 420 kwa milioni, na chumba cha kulala kikipita 1,000 usiku, hewa haibadiliki vya kutosha. Hilo lina uhusiano na ukungu, maana chumba kisichotoa pumzi chafu hakitoi mvuke pia.

Lakini ukungu wenyewe hakiuoni. Kihisio cha mwanga kinahesabu chembe bila kujua kama ni moshi wa samaki wa kukaanga au spora, na hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe huvimba nacho kikasoma zaidi ya ukweli. Vingine huonyesha "hatari ya ukungu" kwenye kioo. Hiyo ni hesabu tu ya joto na unyevu, ambayo kile kidogo cha meza kingekupa kwa bei ndogo zaidi. Kile kipimo cha "kemikali hewani" nacho hupiga kelele kwa manukato, kwa Dettol, kwa rangi ya kucha.

Nisimame hapa kidogo, maana hili nimelishuhudia likichanganywa na watu wenye digrii. Kaboni dioksaidi si kaboni monoksaidi. Ya pili ndiyo inayotoka kwenye jiko la makaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi, au jenereta iliyo kwenye maegesho ya chini ya jengo. Haina rangi wala harufu, na vifaa vingi vya mezani haviipimi. Kengele yake huuzwa peke yake. Kama nyumbani kwako mkaa au gesi huwaka mahali pasipo na dirisha wazi, weka makala haya chini, nunua kengele hiyo kwanza, na jiko la makaa litoke nje kabla ya kulala. Ukungu utakusubiri.

Mtaalamu wa unyevu dhidi ya mtaalamu wa sampuli

Wote wawili hujiita wakaguzi wa hewa na ukungu, wote huja na vifaa ndani ya sanduku la plastiki, lakini huuza vitu viwili tofauti.

Wa kwanza anatafuta maji. Ana kipima unyevu wa ukuta, cha sindano au cha kuegemeza, na wengine wana kamera ya joto. Atauliza umekaa hapo muda gani, mvua ya mwisho ilinyesha lini, nguo mnaanika wapi. Atapanda juu ya paa. Atapima ukuta wenye doa na ule usio na doa, kwa sababu vipima vingi vya sindano vimetengenezewa mbao, na kwenye plasta nambari yao ina maana tu ikilinganishwa na ukuta mkavu wa nyumba hiyohiyo. Kamera ya joto nayo haioni maji. Inaona ubaridi, ambao unaweza kuwa wa maji au wa kivuli tu. Akikuonyesha picha ya buluu bila kuugusa ukuta kwa kipima unyevu, ameuza picha.

Wa pili anatafuta kuvu. Sampuli ya hewa ndiyo maarufu zaidi: pampu huvuta lita 15 kwa dakika, kwa kawaida dakika tano, jumla lita 75, zikapita kwenye kaseti yenye gundi itakayosomwa kwa darubini. Lita 75 ni pumzi za mtu aliyeketi kwa kama dakika kumi. Ukifagia kabla hajafika utapata nyumba mbaya. Ukikaa kimya asubuhi nzima utapata nyumba nzuri. Ndiyo maana sampuli ya ndani bila ya nje, iliyochukuliwa siku hiyohiyo, ni nusu ya sentensi. Ile kampuni yangu haikuchukua ya nje. Na pale ambapo barabara inachimbwa na vumbi jekundu limetanda, uchafu unaweza kuzifunika spora kwenye kioo mpaka msomaji ashindwe kuhesabu.

Darubini nayo ina mipaka: huhesabu zilizo hai na zilizokufa pamoja, na haiwezi kutenganisha spora za Aspergillus na za Penicillium. Kuotesha maabara huzitenganisha, ila huona zilizo hai tu na huchukua siku kadhaa. Stachybotrys, ule ukungu mweusi ambao mtandao unauogopa, una spora zenye utelezi zisizopaa kwa urahisi, hivyo sampuli ya hewa huweza kuukosa ukiwa umetapakaa nyuma ya karatasi ya jipsamu. (Weusi wenyewe si ushahidi. Kuvu wengi ni weusi, na rangi haikuambii kama wana sumu.) Vumbi hupimwa vinasaba pia: EPA ilibuni kipimo cha aina 36 za kuvu kiitwacho ERMI, kisha mkaguzi wake wa ndani akaonya mwaka 2013 kwamba ni chombo cha utafiti na hakikuthibitishwa kwa matumizi ya umma. Ukiuziwa hicho kama hukumu ya nyumba yako, uliza maswali.

Iliyo rahisi na yenye jibu la moja kwa moja ni sampuli ya utepe: gundi inabandikwa kwenye doa, inapelekwa maabara, unaambiwa kama ni kuvu, masizi au chumvi. Kwa anayehitaji ushahidi tu, hiyo hutosha.

Mimi, nikilazimishwa kuchagua mmoja, ninamlipa wa kwanza. Wa pili namlipa katika hali tatu: uvundo upo na hakuna doa popote hata baada ya ukuta kupimwa; kuna kesi au madai na upande wa pili unakana; au kazi kubwa ya kuondoa ukungu imekwisha na mtu huru anahitaji kuthibitisha. Akiwepo mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, daktari wake ndiye wa kuamua kama aina ya kuvu inafaa kujulikana.

Kabla ya kumwambia njoo

Muulize kwa simu kama yeye pia anauza dawa au kazi ya kuondoa ukungu. Katika majimbo ya Texas na Florida, Marekani, sheria inakataza mtu mmoja kupima na kuondoa katika kazi ileile, na sababu inaonekana bila miwani. Muulize maabara ni ipi na kama ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo. Nchini Kenya ithibati hiyo hutolewa na KENAS, na ni ya vipimo mahususi, hivyo maabara inaweza kuwa nayo kwa maji ya kunywa bila kuwa nayo kwa kuvu. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, nayo ina orodha ya maabara ilizoziteua, lakini kuwa kwenye orodha ya kupima maji taka ya kiwanda hakumfanyi mtu ajue chumba chako cha kulala. Swali langu la mwisho huwa hili: "Ripoti yako itaniambia maji yanatoka wapi?" Akianza kutaja majina ya kuvu, nakata simu kwa heshima.

Bei hupanda kwa idadi ya sampuli. Anayependekeza kila chumba kabla hajaiona nyumba anapanga bajeti yake, si yako.

Sasa wewe ni yupi?

Doa halifiki mita moja ya mraba na unajua chanzo: usipime. Vaa glavu na barakoa, sugua kwa sabuni na maji, kausha, rekebisha chanzo. Ukitumia Jik, usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi; hutoa klorini. Mwenye nyumba akileta rangi mpya kabla ukuta haujakauka, mwambie arudi nayo.

Nyumba iliyoingiwa na maji ya mafuriko, kama zile za Mathare na Mukuru Aprili na Mei 2024, haihitaji kipimo chochote. Vitu vinapaswa kukauka ndani ya saa 24 hadi 48, na godoro lililolowa maji ya mtaro halioshwi, linatupwa.

Unatafuta nyumba ya kupanga? Nenda kuiona baada ya mvua, si Januari. Fungua makabati uingize kichwa, angalia kama rangi ni mpya kwenye ukuta mmoja tu, na tazama matundu ya hewa juu ya madirisha kama yamezibwa. Kwangu niliyaziba mwenyewe kwa magazeti, kwa sababu ya mbu. Kipande cha nailoni kiliponionyesha matone upande wa chumbani, nilitoa magazeti, nikaweka wavu, nikasogeza kabati shubiri moja kutoka ukutani, nikaacha kuanika soksi chumbani. Kipima unyevu kilishuka kutoka 78 hadi 61. Dawa ya kufukizia sikuinunua.

Mpangaji anayebishana na mwenye nyumba ana kazi nyingine. Piga picha zenye tarehe, andika barua, weka nakala. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaihesabu nyumba ambayo hali yake inadhuru afya kuwa kero, na afisa wa afya ya umma wa kaunti ana uwezo wa kuikagua.

Jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mama Brayo, alikuwa na doa darini ambalo mwenye nyumba aliliita "mvuke wa kupika kwako" kwa miaka miwili. Alikuwa tayari kulipia sampuli nne za hewa. Tukamshauri amlipe mkaguzi wa unyevu peke yake. Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja: picha ya kipima kwenye dari kavu, picha ya kipima kwenye doa, na mshale uliochorwa kwa kalamu nyekundu kuelekea kiungo cha bomba chini ya tangi. Fundi alikuja Alhamisi ya wiki hiyohiyo.